Alama Tano za Kichwa

Kidonge kilichomtoa Edeltruda jicho kilikuwa cha udongo wa kuchoma, ukubwa wa punje ya mbaazi. Mdogo wake Kanisius alikuwa juu ya ngazi, ameegemea mnara namba kumi na saba, anafuta umande kwenye kioo cha kamera kwa kitambaa cha pamba kama alivyofanya kila asubuhi kwa miaka miwili. Kazi yake katika Skimu ya Lihegule ilikuwa hiyo tu. Minara mia mbili na sita ya kupiga ndege, kila mmoja na mtutu wake na jicho lake, na kila jicho lilitaka kufutwa umande, vumbi na utando wa buibui kabla ndege hawajaamka vizuri.

Kutoka juu ya ngazi alimwona dada yake akiwa ameinama katikati ya jaruba lake, anang'oa mpunga mwitu. Kwa kweli hakumwona yeye, aliona majani yakitikisika. Mpunga wa mwaka ule ulikuwa umefika kifuani, umeanza kutia maziwa, na mtu akiinama ndani yake anapotea kabisa. Kisha Edeltruda akanyoosha mgongo. Alitia mkono kiunoni kama wanavyofanya wanawake wote waliozoea jembe, na kichwa chake kikachomoza juu ya mpunga, kitambaa cha njano kwanza, kisha paji la uso.

Kanisius akauona mtutu wa mnara wa kumi na nane ukishuka kidogo, kama mtu anayechota maji kwa kata, halafu ukapanda na kutema.

Alishuka ngazi bila kukanyaga vipago vyote. Alikata moja kwa moja katikati ya majaruba, maji yakimrukia hadi usoni, na alipofika alimkuta dada yake ameketi kwenye tope, kiganja amekibandika kwenye jicho la kushoto, damu ikipita kati ya vidole. Edeltruda hakulia. Alimtazama kwa jicho lililobaki, akatazama njia aliyopitia.

"Umenikanyagia mpunga," alisema.

Walimpakia kwenye tela la pawatila, trekta dogo la jirani yao Vitalis, wakampeleka hospitali Ifakara. Njia nzima Vitalis alikuwa akiilaani mitambo, kampuni na siku ile kampuni ilipokanyaga Lihegule. Kanisius alikuwa anautazama mkono wake wa kulia. Ule mwendo wa kushuka kidogo halafu kupanda, aliujua. Aliujua kama mtu anavyoijua sauti yake mwenyewe.

*

Kati ya miaka yake ishirini na miwili na ishirini na sita, Kanisius hakuwa na kazi nyingine ila kucheza gemu. Banda la Polikarpi lilikuwa nyuma ya soko la Ifakara, na gemu waliyoipenda kuliko zote iliitwa Chungulia. Mchezo wake ni mwepesi kueleza. Adui amejificha nyuma ya ukuta, au gari, au kichaka. Anachungulia. Unampiga. Mguu ulikuwa nusu alama, kifua alama moja, kichwa alama tano. Mjinga gani angepiga kifua?

Wengine walisubiri adui ajitokeze mpaka mabegani ili wawe na uhakika. Kanisius hakusubiri mabega. Alikuwa anashusha bunduki chini kidogo ya ukingo wa ukuta, anatulia hapo, halafu anapanda pamoja na kichwa kinavyopanda, na anafyatua wakati unaonekana utosi tu. Walimpa jina la Mchota. Watu walitoka mpaka Mahenge kuja kumtazama akichota. Miaka minne hakushindwa na mtu, na siku moja wakaja wageni wenye kisanduku cheusi, wakamvalisha glovu yenye nyaya, wakamwambia acheze kama anavyocheza siku zote. Alicheza siku tatu. Waliponyanyuka kuondoka walimtaka aweke dole gumba kwenye kioo, akaliweka. Walimwambia wameununua mkono wake. Yeye na wenzake walicheka wiki nzima, kwamba Mchota kauza mkono na bado anaulia ugali.

Hakuuliza unakwenda kufanya kazi gani. Hilo ndilo lililomchoma sasa kuliko jingine lolote, kwamba hakuuliza.

*

Siku ya tatu, daktari alipokwisha kusema kwamba jicho la kushoto halipo tena, Kanisius alikwenda ofisi ya kampuni ya Shamba Macho pale skimu. Alimkuta Injinia Tumsifu, mwanamke wa miaka kama thelathini, amezungukwa na maboksi. Ndani ya maboksi mlikuwa na filimbi za plastiki.

Injinia alimpa pole, na pole yake haikuwa ya uongo. Kisha akamweleza utaratibu mpya. Kuanzia kesho kila mtu anayefanya kazi ameinama atavaa filimbi shingoni, na kabla ya kunyoosha mgongo atapiga mara tatu. Minara ina masikio. Ikisikia filimbi tatu itangoja.

Kanisius alimwuliza kama amewahi kupalilia. Injinia akasema hapana. Akamwuliza tena kama anajua mtu mwenye jaruba moja ananyoosha mgongo mara ngapi kwa siku, na kama yeye akiwa ofisini hapo huwa anaomba ruhusa ya kiti kabla ya kusimama.

"Mkono uliomo kwenye minara ni wa nani?" aliuliza Kanisius.

"Hiyo ni siri ya kampuni, kaka."

Kanisius akachukua kalamu ya Injinia mezani, akailaza kwenye ukingo wa boksi kama mtutu. Akaishusha kidogo. Akaipandisha. Alifanya hivyo mara tatu, taratibu, akimtazama usoni. Injinia alikuwa ameshaona mwendo ule mara elfu kwenye skrini zake. Akaigeuza kompyuta upande wa Kanisius, na pale palikuwa na alama ya dole gumba na jina, Kanisius Matimbwi.

Basi akamweleza, maana hapakuwa tena na cha kuficha. Kila mnara una vitu viwili. Kuna jicho, ambalo kazi yake ni kuuliza hiki ninachokiona ni nini, ndege au nguruwe au mtu. Na kuna mkono, ambao kazi yake ni kulenga. Jicho linamtambua mtu kwa mabega na kwa mwendo wake, na linahitaji theluthi ya sekunde. Mkono hautaki hata robo ya hiyo. Mkono ulifundishwa na alama, na alama zilikuwa nyingi kwa kichwa kinachochomoza, na anayesubiri mabega anazikosa. Ndiyo maana wakaununua. Kwelea kwelea, yule ndege mdogo mla nafaka, hajitangazi. Anachomoza juu ya mashuke, anatua, amekwisha kula. Mkono wa Kanisius unamdaka anapochomoza, kichwa chenye ukubwa wa haragwe, na akidondoka wa kwanza na wa pili na wa tatu kundi zima linageuka. Misimu miwili Lihegule haijapoteza hata gunia.

"Kwa nini msiuambie ungoje jicho?"

"Tuliuambia. Ukingoja, ndege wanne kati ya kumi wanapita. Wakulima wenyewe walikuja hapa kulalamika. Tukautoa ule mngojo."

"Mkijua."

"Tulijua kuna hatari ndogo," alisema Injinia. "Tuliandika ndogo."

Kanisius alitaka kuipindua meza. Aliishika kabisa ukingo wake. Kilichomzuia si woga, ni kwamba mkono uliokuwa umeishika meza ndio uleule.

Injinia alimwambia jambo moja zaidi, kwa sauti ya mtu anayejua bosi wake asingependa aliseme. Kisheria mkono ni mali ya mwenyewe. Mwenye mkono akiuita, lazima ufutwe kwenye minara yote kabla saa moja haijaisha, na kampuni haina la kufanya. Ila mkono mwingine ukipatikana utachukua wiki mbili kuzoeshwa. Mpunga uko kwenye maziwa sasa hivi. Na kule chini kwenye matete ya mto, kwelea wamelala kwa mamilioni.

Palikuwa na njia ya katikati, alisema, akiomba zaidi ya kueleza. Kama Kanisius angeweza kucheza Chungulia upya kwa siku mbili, kisanduku kikirekodi, na asipige kichwa hata kimoja, wangeweza kuufunika mkono wa zamani kwa mkono mpya. Upige karibu na miguu tu. Ingetosha kutisha.

"Nipe hicho kisanduku," alisema Kanisius.

*

Polikarpi alikuwa amenenepa, na banda lilikuwa limeongezwa feni na viti vya kuzunguka, lakini harufu ilikuwa ileile, jasho na mihogo ya kukaanga. Vijana walimwona mtu wa miaka thelathini na sita, suruali ina tope magotini, anakaa kwenye kiti cha mbele na kuvaa glovu. Mmoja akamwambia kwa heshima zote, mzee, hiyo siyo mashine ya kupimia presha.

Polikarpi akainuka nyuma ya kaunta. "Nyamazeni nyie. Huyo ni Mchota."

Wakanyamaza. Halafu wakajaa mgongoni kwake.

Kanisius alijiambia miguu. Alilisema neno hilo kwa sauti kabisa. Ukuta ukatokea kwenye skrini, kitu kikachungulia, na kabla hajamaliza kufikiri mkono ulikuwa umeshuka, umepanda, umefyatua. Skrini ikawaka nyekundu na maandishi makubwa, KICHWA, na vijana wakapiga kelele. Alijaribu tena. KICHWA. Alijaribu kukitazama kiatu cha adui na kutoangalia kingine chochote, na jicho lake likabaki kwenye kiatu kweli, lakini mkono haukulifuata jicho. Katika dakika ya kwanza alipiga risasi thelathini na moja. Ishirini na saba zilikuwa za kichwa.

Akahamia mkono wa kushoto. Ulikuwa mzito kidogo, lakini nao ulikaa miaka minne ubavuni mwa mwenzake na ulikuwa umejifunza. Akaomba kitambaa, akajifunga kifundo cha mkono wa kulia kwenye mhimili wa kiti ili usiweze kupanda. Ukapandia kwenye vidole. Vijana walidhani anaringa. Walidhani mtu aliyejifunga kamba na bado anapiga vichwa ni mtu anayewaonyesha wao jinsi walivyo wadogo, wakawa wanahesabu kwa pamoja, wakigonga viti.

Na alisikia kitu kingine ambacho hakukitaka. Kila skrini ilipowaka, kifuani mwake paliruka furaha ndogo, ileile ya alipokuwa na miaka ishirini na tatu. Dada yake yuko hospitali na bandeji usoni, na yeye hapa anafurahi. Alijichukia kwa namna ambayo hakuwahi kumchukia mtu mwingine.

Alivua glovu, akaitupa ukutani. Banda zima likashangilia hilo nalo.

Polikarpi alimfuata nje akitabasamu. Alimshika bega akamwambia, "Mkono wako haujazeeka hata siku moja, ndugu yangu."

Kanisius alimsukuma, Polikarpi akaanguka juu ya sufuria la mihogo. Hakuomba radhi. Alikichukua kisanduku cheusi akarudi nacho Lihegule, na ndani yake mlikuwa na saa mbili za kazi bora kuliko ile ya zamani.

*

Edeltruda alirudi shambani siku ya sita. Hakuna aliyeweza kumzuia. Alikuwa na miaka hamsini na moja, alimlea Kanisius tangu mama yao alipofariki, na hakuwahi kukaa ndani wakati mpunga uko kwenye maziwa.

Kanisius alipofika na ngazi yake begani, aliwakuta kama kumi wamo kwenye majaruba, na hapakusikika filimbi hata moja. Walikuwa wameshazichoka. Ukipiga filimbi tatu kila ukinyoosha mgongo, unamaliza pumzi kabla hujamaliza tuta. Walikuwa wamebuni dawa yao. Kila mtu alikuwa na karai kiunoni, na kabla ya kuinuka alilifunika kichwani kama kifuniko, akainuka nalo, akapumzika chini yake, akainama tena. Shamba zima lilikuwa makarai yanayopanda na kushuka kwenye mpunga.

Walikuwa wanataniana. Gaudensia, mke wa Vitalis, alisema yeye sasa ni chungu cha maharage, akifunikwa anaiva haraka. Mwingine akamwambia kwamba kwa umri wake ameshaungua.

Kanisius alimwendea dada yake mpaka katikati ya jaruba, safari hii akipita tutani. Alimwambia amekusudia kuuita mkono wake. Edeltruda hakushangaa. Injinia alikuwa ameshampitia hospitalini, akamweleza yote.

"Usiguse minara," alisema.

"Dada, ni mimi niliyekupiga."

"Najua ni wewe. Ndiyo maana nakwambia wewe. Jicho limekwenda, Kani, na ukizima leo halirudi. Mpunga upo. Nimeushika toka kwenye kitalu. Unataka nipoteze vyote viwili?"

"Na la pili?"

"La pili nalifunika karai."

"Mpaka lini?"

"Mpaka tuvune." Alichuma shuke moja, akalibinya kati ya kucha mbili, maziwa meupe yakatoka. "Siku kumi na mbili. Kumi na nne. Wewe huna watoto, unaweza kuwa na hasira. Mimi nina wa kulisha."

Alikuwa hajamaliza kusema wakati karai la Gaudensia liliposhtuka na kulia, kang. Aliyumba, akalishusha, akaligeuza kulitazama. Palikuwa na bonde dogo kwenye bati, mahali ambapo chini yake pangekuwa na paji lake la uso, katikati kabisa ya nyusi. Gaudensia alilipitishia kidole. Kisha akasema mkwe amebisha hodi, na wanawake wote wakacheka.

Edeltruda naye alicheka.

Kanisius alitazama kile kicheko. Siku sita zilikuwa zimetosha. Watu wazima, wenye mashamba yao, walikuwa wamejifunza kuinuka kwenye ardhi yao wenyewe kwa kujificha, kama vile vikaragosi vya kwenye skrini ya Polikarpi, na lilikuwa limeshakuwa jambo la kuchekea. Mwakani lingekuwa jambo la kawaida. Mwaka unaofuata mtu akipigwa wangeuliza karai lake lilikuwa wapi.

Aliiacha ngazi hapohapo tutani.

*

Injinia alikuwa na karatasi mezani. Kamati ya skimu ilikuwa imeipitisha nyumba kwa nyumba tangu jana na kuileta saa hiyohiyo, maana habari Lihegule hazitembei, zinaruka. Kaya mia tatu na tisini zilimwomba ndugu Kanisius Matimbwi, kwa hisani yake, asiuite mkono wake mpaka mavuno. Madole gumba yalijaa kurasa kumi. La kwanza kabisa juu lilikuwa la Edeltruda.

Alizisoma zote, jina kwa jina. Alichukua muda, kwa kuwa alisoma polepole na kwa kuwa aliwajua wote. Injinia alimwambia kwamba watu wenyewe wamechagua. Si haki kuwaamulia.

"Wamechagua kati ya njaa na upofu," alisema Kanisius. "Nani aliwawekea mezani vitu hivyo viwili tu?"

"Watakuchukia."

"Wanichukie kwa macho mawili."

Akaweka dole gumba kwenye kioo. Injinia alisita, akamtazama, kisha akabonyeza. Na pengine, Kanisius aliwaza baadaye, alibonyeza haraka kuliko sheria ilivyomtaka.

Nje, kuanzia mnara wa kwanza karibu na ofisi, mitutu ikaanza kuinama. Mmoja, mwingine, safu nzima, mpaka kule kwenye mto, ikaning'inia ikitazama maji. Shambani watu walisimama, makarai mikononi, wakageuza nyuso upande wa ofisi.

Kwelea walikuja asubuhi ya pili. Walipanda kutoka kwenye matete kama moshi wa shamba linaloungua, moshi unaojikunja na kujikunjua, wakapita juu ya minara ambayo haikuinua hata shingo, wakashuka. Mashuke yalilala chini kwa uzito wao. Kwa saa moja ya kwanza watu walikimbia huku na huku wakipiga makofi kama watu waliochanganyikiwa. Misimu miwili tu, na walikuwa wameshasahau. Wachache waliokumbuka wakakata miti, wakafunga madungu, vichanja vya kufukuzia ndege, haraka haraka, wakapanda juu na madebe na makombeo ya katani.

Kanisius alikwenda shamba hadi shamba akiuliza asimame wapi. Vitalis alimtemea mate miguuni. Gaudensia, mwenye bonde kwenye karai, alimwambia aondoke asije akamtupia hilo karai. Kwenye shamba la mwenyekiti wa kamati alirushiwa donge la udongo, likampata mgongoni, naye hakugeuka. Alitembea hivyo mpaka jua likawa la utosi, na mwisho wa kutembea kwake ulikuwa pale ambapo alijua tangu mwanzo kwamba patakuwa pa mwisho.

Edeltruda alikuwa juu ya dungu, kombeo mkononi. Alikuwa anazunguka mwili mzima, si shingo tu, kwa sababu upande wa kushoto haukuwa na jicho. Kila alipougeukia upande huo alikuta ndege wameshatua, wameshakula, na alipowainua hao, wengine walikuwa wanatua nyuma yake. Kona nzima ya kushoto ya jaruba ilikuwa imebaki makapi. Sauti ilikuwa imemkauka.

Kanisius alisimama chini. Aliona kwamba dada yake amekwisha kumwona.

"Umeninyima wali wa mwaka mzima," alisema Edeltruda.

"Ndiyo."

"Siyo mnara. Siyo kampuni. Wewe."

"Mimi, dada."

Alizungusha kombeo, akaachia, akazunguka tena. Alikuwa anahema.

"Panda," alisema. "Simama kushoto. Huko ulikonitoa jicho."

Alipanda. Dada yake alimsukumia kombeo la pili na rundo la madonge bila kumtazama. Kundi lilikuwa linakuja upande wake, chini chini, na Kanisius akalizungusha kombeo, mkono ukashuka kidogo, ukapanda, na ndege aliyetangulia akadondoka kama jani bichi. Elfu waliokuwa nyuma yake wakampita, wakatua, wakaanza kula.

Kofi lilimpata shavuni kabla hajajua.

"Nani kakwambia uue?" alisema Edeltruda. "Ukimuua mmoja yeye kafa, hao wengine hawajui. Pitisha juu yao. Wasikie linavyolia. Hukuamia ndege wewe ulipokuwa mdogo? Niliamia mimi, wewe ukilala. Pitisha juu."

Akarusha tena. Akaua tena. Akarusha, akaua. Kila mara alitaka kupiga hewa tupu, na kila mara kifundo kilikitafuta kichwa chenyewe, na dada yake alimtukana matusi ambayo hakuyasikia tangu akiwa na miaka tisa, na alikuwa na haki ya kila tusi. Alikaza macho juu, mbali, mahali ambapo hapakuwa na kitu chochote cha kupata, akayashikilia hapo kwa nguvu zake zote kama mtu anayemvuta ng'ombe asiyetaka.

Donge la tisa lilikwenda huko. Lilipita juu ya kundi zima likivuma, halikugusa hata unyoya, na ndege wote wakainuka kwenye mpunga kwa mara moja.

"Hilo," alisema Edeltruda, akiwa amempa mgongo. "Tena."